Ikikatika, Weka Kubwa Zaidi

Gereji za kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale zina kanuni mbili ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna asiyezijua. Ya kwanza: kaza mpaka ikatae. Ya pili huzaliwa dakika chache baada ya ya kwanza: ikikatika, weka kubwa zaidi.

Nazungumzia bolti iliyo chini kabisa ya injini, ile inayofunguliwa ili oili chafu imwagike. Mafundi huiita bolti ya sampu. Ikikazwa kupita kiasi mwaka hadi mwaka, nyuzi za tundu lake, thredi kwa lugha ya gereji, hukwanguka kidogo kidogo, na siku moja bolti inazunguka tu bila kushika, kama ufunguo ndani ya kitasa kibovu. Hapo washauri hujitokeza kila upande. Yangu ilipokatika hapa Mukuju, wa kwanza kunipa ushauri alikuwa muuza nyanya aliyekuwa akipita na karai lake. Ushauri wake haukutofautiana hata kwa neno moja na wa fundi. Ndipo nilipojua kwamba sipambani na fundi mmoja. Napambana na itikadi.

Niieleze kwa haki, kwa sababu wanaoishika si wajinga.

Wanasema hivi. Gari kuukuu si mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya rufaa. Nyuzi za sampu zikikatika, tafuta bolti nene kidogo yenye ncha ya kujichongea, izungushe kwa nguvu, itajitafutia nyuzi zake yenyewe. Ikivuja, izungushie tepu ya mafundi bomba na uipake gundi ya chuma. Ikizidi kuvuja, ichomelee moja kwa moja, na kuanzia siku hiyo uwe unaongeza oili kwa juu tu. Fundi mkereza yuko Tororo mjini au Mbale, au ng'ambo ya mpaka huko Busia, na umeme ukikatika utalala huko huko. Mteja ana safari alfajiri, na mfukoni ana pesa ya lita moja ya oili na chai. Fundi naye ana spana saba, nyundo moja na ada ya watoto watatu. Na juu ya yote hayo, gari lenyewe limekwisha: litadai nini zaidi?

Sikatai kwamba kuziba kuna wakati wake. Nimeona tangi la petroli lililotoboka likizibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia na gari likafika Kampala. Ninachokikataa ni kile kinachofuata: sabuni ikishafika Kampala, inabadilishwa jina inaitwa matengenezo.

Kwanza: unafuu unaodondoka tone kwa tone

Gari langu ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile yenye mgongo wa mviringo ambayo Waganda huiita kikere, yaani chura. Injini yake imekaa nyuma, inapozwa kwa upepo, na inabeba oili lita 2.5 tu. Magari mengi ya kawaida hubeba nne au zaidi. Naomba msomaji aishike tarakimu hiyo, kwa sababu wanaohubiri unafuu hawaigusi kamwe.

Baada ya bolti kubwa ya kujichongea kutiwa, tundu lile lilianza kudondosha tone moja kila sekunde kumi. Nilimwita fundi. Akalala chini, akatazama, akainuka akijikung'uta vumbi. "Hilo ni jasho tu, mwalimu. Hata wewe ukikimbia si unatoka jasho?"

Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi, na jasho la aina hiyo hupimika. Tone moja kila sekunde kumi ni matone 6 kwa dakika, 360 kwa saa, 8,640 kwa siku. Matone 20 hufanya mililita moja kwa kukadiria. Hizo ni mililita 432 kwa siku, karibu chupa ya nusu lita. Kwa mwendo huo, kabla siku ya sita haijaisha, lita zote 2.5 zingekuwa chini ya mwembe wangu. Kwa kweli hali ilikuwa mbaya kuliko hapo, kwa maana oili ikipata moto huwa nyepesi, na jasho lile lilikuwa likitoka kwa bidii zaidi kila niliporudi kutoka Malaba.

Sasa tuulize unafuu uko wapi. Bolti ile ilinigharimu chini ya bei ya soda. Oili niliyoiongeza katika wiki tatu zilizofuata ingemlipa mkereza wa Tororo, ingelipa bodaboda ya kwenda na kurudi, na ingebaki ya chakula cha mchana. Ila pesa ya mkereza hutoka mara moja na inauma. Pesa ya oili hutoka kikombe kikombe na haimuumi mtu. Kwa nini mtu mwenye akili timamu achague kuibiwa kidogo kidogo, sijui, lakini ndivyo soko letu la mikopo midogo linavyoendeshwa pia.

Isitoshe, katika gari hili oili si ya kulainisha tu. Halina rejeta. Oili hupita kwenye kipozeo kilichowekwa katika njia ya upepo wa feni, ikatua joto lake hapo, ikarudi chini kufanya kazi tena. Anayekwambia "ongeza tu kwa juu" amekuruhusu uendeshe gari huku maji ya rejeta yanamwagika, halafu anajiita mshauri wa bei rahisi.

Pili: 14 na 14 si ndugu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilipo siri ya namna nyuzi zangu zilivyokufa. Hazikufa kwa uzee kama nilivyoambiwa.

Bolti ya sampu ya kikere ina unene wa milimita 14, na kila uzi uko milimita 1.5 kutoka kwa mwenzake. Plagi ya kuwashia moto nayo ina unene wa milimita 14. Lakini nyuzi za plagi ziko milimita 1.25 kutoka kwa nyingine. Ukiziweka mbili hizo mezani, macho hayaoni tofauti. Robo ya milimita ni nini? Katika tundu la kina cha milimita 10, ni tofauti ya nyuzi nane kwa nyuzi zisizofika saba. Baada ya mizunguko miwili mitatu, kila uzi unaoingia unapanda juu ya mgongo wa uzi uliopo, na hapo mmoja lazima afe.

Karibu kila gereji ina tapu (chuma cha kuchongea nyuzi za tundu) ya kusafishia nyuzi za plagi, kwa kuwa vichwa vya injini vya alumini huharibika sana hapo. Ndiyo tapu pekee waliyo nayo. Bolti yangu ilipoanza kuwa nzito kuingia, kijana wa gereji niliyokwenda (jina nitaliacha) alifanya jambo lililoonekana la kitaalamu kabisa: alisema anataka "kusafisha nyuzi". Akachukua tapu ya plagi, akaiingiza, ikabana, akaongeza nguvu. Ilitoka na vinyweleo vya chuma vinavyong'aa. Akanionyesha kwa fahari, "Tazama uchafu uliokuwemo." Ule haukuwa uchafu, zilikuwa nyuzi zangu.

Kosa hilo namsamehe. Si kila mtu amefundishwa kupima nyuzi. Lakini itikadi ya kubwa zaidi ndiyo iliyomfanya asihitaji kujua. Kama dawa ya kila tundu lililoharibika ni bolti nene zaidi, kipimo cha nini? Mwaka huu 14, mwakani 16, mwaka wa tatu 18. Kila safari unakula nyama ya kando ya tundu, na nyama ile haioti tena.

Halafu kuna swali ambalo sijapata kusikia likiulizwa chini ya gari lolote: vinyweleo vinavyochongwa na bolti ya kujichongea vinakwenda wapi? Vingine vinadondoka nje, vingine vinapanda ndani, kwenye oili. Gari la kisasa lina filta ya karatasi baada ya pampu. Walau ipo, ingawa hata hiyo ina njia ya pembeni inayofunguka oili ikiwa nzito au filta ikiziba. Kikere hakina filta hiyo kabisa. Kina chujio la waya, lenye matundu ya kuzuia kipande cha gasketi, si unga wa chuma. Kinachopita pale kinaingia kwenye pampu, kisha kwenye beringi za krenki. Kwa hiyo bolti iliyowekwa ili kuokoa injini huanza kazi yake kwa kuitupia injini mchanga wa chuma.

Na sasa kichekesho chenyewe. Katika injini hii tundu la bolti halimo kwenye mwili wa injini. Limo kwenye kisahani cha chuma, mviringo, kisichozidi kiganja cha mkono, kilichoshikwa na nati sita ndogo. Unafungua nati sita kwa spana namba 10, kisahani kinakuja mkononi, unakifunga kwenye gazeti, unapanda bodaboda. Huinui injini wala huhitaji winchi. Watu wanne walilala chini ya gari langu kwa zamu, wakapiga, wakapaka, wakasukuma, na kitu walichokuwa wakipigana nacho kingeweza kuwekwa mezani kama sahani ya chai. Wafuasi wa kubwa zaidi hawakukiona kwa sababu jibu walikuwa nalo kabla ya kutazama.

Tatu: "Choma, tumalizane"

Tepu na gundi niziache. Zimekwisha kujieleza zenyewe. Tepu ya mafundi bomba hujaza nafasi kati ya nyuzi na nyuzi, na pale pasipo na nyuzi haina cha kujaza. Gundi ya chuma hushika chuma kisafi kilichokauka, na chini ya sampu inayovuja hakuna kisafi wala kilichokauka.

Kuchomelea ni habari nyingine, kwa maana kuna uzuri wa kutisha ndani yake. Mtu anaona tundu lililowekwa makusudi na waliobuni injini ili uchafu utoke, na anahitimisha kwamba kasoro ya tundu ni kuwa tundu. Analifunga milele. Ni sawa na mwenye choo kilichoharibika mlango akaamua kuujenga kwa matofali.

Wanaotetea hili wana hoja moja ya kweli, na nisipoitaja nitakuwa nimewadhulumu: katika miaka ya 1970 kiwanda chenyewe kilianza kutoa visahani visivyo na tundu la bolti. Ni kweli. Lakini kisahani cha kiwanda humlazimisha mwenye gari kukifungua chote na kuosha chujio kila anapobadilisha oili, kila kilomita 5,000. Hapa kwetu tundu linachomewa ili mtu asifungue chochote tena. Kitendo ni kile kile na matokeo ni kinyume, na wanakinukuu kiwanda kama shahidi wao.

Aliyetaka kunichomea alitaka kufanya hivyo kisahani kikiwa bado kwenye gari. Mwili wa injini hii umesubiwa kwa aloi ya magneziamu, metali nyepesi ambayo ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe usiotazamika, na maji huuzidishia hasira. Juu yake kuna oili, na mbele ya gari kuna tangi la petroli. Nilimwuliza kama anajua mwili huu ni wa metali gani. Akajibu, "Alumini, mwalimu, tunachoma kila siku." Nikamwambia asante na nikalisukuma gari kwa mkono hadi nyumbani, nikisaidiwa na wanafunzi wawili wa chuo cha ualimu waliodhani nimeishiwa petroli.

Lakini kabla ya kusukuma, mwenzake alikuwa amekwisha "kukaza zile nati ndogo ili tuone kama jasho litapungua". Nati zile sita zinataka nguvu ya nyutoni-mita 7 tu. Kwa spana fupi ya sentimita 12, hiyo ni kama kuning'iniza kidumu cha lita sita za maji kwenye ncha yake. Yeye alitumia soketi yenye mkono mrefu. Stadi mbili zilitoka nzima zikiwa zimevikwa nyuzi za magneziamu kama mzizi uliong'olewa na udongo wake. (Stadi ni jina la gereji la msumari wenye nyuzi ncha zote mbili, halina uhusiano wowote na ustadi, kama siku ile ilivyothibitisha.) Na kisahani kilikuwa kimepinda kingo, jambo linalofanya kivuje zaidi, jambo linalomfanya fundi akaze zaidi. Duara hili lina watu wanaopata riziki ndani yake.

Hesabu ya mwisho ya ile bolti ya bei ya soda, basi: kisahani kimoja, stadi mbili, wiki tatu za oili, na mwili wa injini ambao mpaka hapo haukuwa na kosa lolote.

Nne: "Spea hakuna"

Hili halihitaji karatasi nyingi. Kikere kilitengenezwa kwa wingi unaopita milioni 21, na cha mwisho kilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Wanaosema spea zilikwisha zamani ndio wale wale wanaokwenda Kisekka kule Kampala au Grogan kule Nairobi na kurudi na mlango wa lori la mwaka wanaoutaka. Nati ya milimita 6 imejaa kwenye kila bodaboda inayopita mbele ya gereji. Bolti ya 14 kwa 1.5 inatumika kwenye sampu za magari mengi yanayouzwa leo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "ngoja nipime".

Tano: gari limekwisha, lakini niuzie

Nguzo kuu ya itikadi hii ni kwamba gari kuukuu halistahili gharama. Ningeiheshimu zaidi kama wanaoihubiri wangeiamini.

Fundi aliyeniambia kikere changu "kimekwisha" aliniuliza siku hiyo hiyo ninakiuza kwa bei gani. Muuza vyuma chakavu alipita mara mbili na mizani yake. Kijana mmoja kutoka ng'ambo alitaka injini peke yake, akataja bei iliyonifanya nikae. Kwa hiyo gari halina thamani linapohitaji kutengenezwa, na lina thamani kubwa linapohitaji kununuliwa. Mtu akinieleza maiti gani hupandiwa dau hivyo, nitamshukuru.

Hao hao wakinywa chai husimulia habari za mbio za Safari. Kweli, Volkswagen za aina hii ziliongoza mwaka 1953 mbio zilipoanza, zikarudia 1954, 1957 na 1962, katika matope ya nchi zetu hizi. Msimulizi humalizia kwa kupiga kisigino chini: "Gari lile halifi!" Kisha anainuka na kwenda kukaza bolti ya sampu kwa bomba la sentimita 60. Bolti ile inataka nyutoni-mita 34 hivi. Kwa spana ya sentimita 20 ni kuvuta kwa nguvu ya kilo 17. Mtu akiegemea bomba la sentimita 60 kwa kilo 50 za mwili wake, ameipa karibu mara tisa ya inachohitaji. Hakuna gari la Safari lililoshinda kwa utaratibu huo.

Na badala ya hili kuukuu, tununue nini? "Jipya," wanasema, wakimaanisha lililotumika Japani. Sheria ya Uganda tangu 2018 inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya kikomo ni miaka 8. Maana yake ni kwamba gari la miaka 12, ambalo ng'ambo ya mto Malaba lingezuiwa kwa uzee, likifika Mukuju linaitwa jipya na kufungwa riboni. Nalo lina bolti ya sampu, mara nyingi kwenye sampu ya alumini, iliyo laini kuliko chuma cha bolti inayoingia humo. Na fundi ni yule yule, na bomba ni lile lile.

Sita: hoja ya umaskini

Hii ndiyo hoja nzito, na ndiyo inayotumiwa kuninyamazisha: mwalimu, wewe una pensheni, unaweza kucheza na magari ya makumbusho, sisi tunaishi kwa siku.

Nimeijibu upande wa mteja, oili imeijibu. Upande wa fundi ndio unaonikera zaidi. Wanaosema jua kali haliwezi zaidi ya kuziba wanajifanya watetezi wa jua kali. Katwe imelisha Kampala kwa kazi za mikono tangu kabla mimi sijazaliwa. Kusema fundi wetu hana haja ya kupima nyuzi kwa sababu ni maskini ni tusi lililovishwa koti la huruma, na wanaolirudia sana ni wenye magari, si mafundi. Mteja anapopigania bei mpaka fundi hana muda wa kufungua nati sita, kisha akaenda kusimulia kwamba mafundi wetu hawajui kazi, huyo ndiye anayenunua vinyweleo vya chuma.

Nilikwenda Tororo na kisahani changu ndani ya gazeti. Mkereza ni mzee wa makamo yangu. Karakana yake ni mabati manne na mashine moja, na lile jabali la Tororo linaonekana juu ya paa lake kana kwamba limekaa hapo kumsimamia. Hakuniuliza gari ni la mwaka gani. Alichukua kisahani, akapitisha kidole ndani ya tundu, akasema, "Nani alitia tapu ya plagi humu?" Kidole tu. Nikakaa kwenye benchi.

Alichukua kipande cha ekseli ya lori, akakifunga kwenye mashine, akakikereza bushi yenye kishingo kipana, akaitia nyuzi za 14 kwa 1.5 ndani. Tundu la kisahani akalipanua kidogo na kwa unyoofu, bushi ikaingia kwa kugongwa taratibu, akaiunga kwa shaba. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: akairudisha kwenye mashine na kukereza upande wa ndani mpaka bushi ikalingana sawasawa na kisahani. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, hapaonekani. "Ukiacha ukingo ndani," akasema, "kila ukimwaga oili, uchafu kidogo utabaki nyuma ya ukingo. Utakuwa unaosha sufuria na kuacha ukoko." Mwisho akalaza kisahani juu ya bamba nene na kukigonga kingo mpaka zikanyooka.

Stadi mbili alizikereza mpya: ncha ya kuingia kwenye injini milimita 8, ncha ya nati milimita 6. Akaniazima tapu yake ya 8 na kunielekeza nipake grisi kwenye mifereji yake ili vinyweleo vinase humo, nizungushe nusu, nirudishe robo, niifute, nianze tena. Nilifanya hivyo kwa jioni mbili nikiwa chali juu ya mkeka. Nikasuuza ndani kwa oili ya bei rahisi, nikarudisha gasketi, chujio, gasketi, kisahani, washa za shaba, na nati sita kwa spana fupi na mkono mmoja. Usiku nikatandika gazeti chini. Asubuhi lilikuwa gazeti kavu, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu niliweza kulisoma.

Kabla sijaondoka ile gereji ya mwanzo kabisa nilikuwa nimemnunulia yule kijana chai, na katika kumaliza hesabu nikainunua pia ile tapu yake ya plagi. Alidhani nimepatwa na wazimu. Niliipigilia msumari juu ya mlango wa stoo yangu. Mwezi uliopita alikuja, akavua kofia, akaniomba niirudishe: ana kichwa cha Toyota kilichoharibika nyuzi za plagi, na kazi yenyewe ni ya mtu anayemwamini. Chini ya kwapa alikuwa na kitu cha mviringo kilichofungwa kwenye gazeti, na aliniuliza, kama jambo la kando tu, yule mzee wa Tororo hufungua saa ngapi.

Nilimpa tapu yake. Nilikuwa nimekwisha kuiandika kwa rangi nyekundu, kwenye mkono wake, herufi kubwa: PLAGI TU.